Mawe Matatu ya Chai

Jumapili, Februari 2008

Jua la leo lilikuwa la kukaanga. Sasa linateremka nyuma ya mabati ya mtaa wa Hai Jalaba, hapa Juba, upepo umeanza, na unaleta majivu kutoka mlimani. Nimekaa kwenye saiberi ya intaneti ya Mganda mmoja, karibu na dirisha, na kila nikipangusa meza majivu yanarudi. Au labda yanatoka kwenye nguo zangu.

Neno "leo" nimeliandika mara kadhaa ndipo likakaa sawa.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wananijua. Mimi ndiye wa ile hadithi ya chatu aliyemeza jenereta akaendelea kunguruma hadi asubuhi. Mimi ndiye niliyeiongoza ndege ikatua kwa tochi ya simu siku taa za uwanja zilipozima. Sikatai. Mtu anayeshusha mizigo uwanja wa ndege huona mengi, na akikosa kuona hujazia. Lakini leo sina hadithi ya kumtambia mtu. Leo naogopa. Niliogopa mchana, na hapa nilipo bado naogopa, na nimekuja kuandika kwa sababu sitaki kwenda nyumbani Gudele. Uani kwangu watu wamejaa wananisubiri niwasimulie.

Mimi Wani, nakimbia wasikilizaji.

Nianze na huu mchezo wetu wa kutembea. Sisi tuliokulia Kenya tulirudi na tabia zetu, na mojawapo ni hii ya kupanda milima bila sababu. Aliyetuletea hasa ni jirani yangu Mutua, Mkamba wa Machakos, anafanya kazi benki. Ukimwona Jumapili baada ya ibada utadhani anakwenda vitani: buti, kofia, filimbi shingoni, chupa ya maji kila upande. Watu wa hapa walitushangaa sana mwanzoni. Mtu apande mlima huu wa Jebel hana mbuzi aliyepotea, hatafuti kuni, hapasui kokoto za kuuza? Anakwenda kuona nini? Mama mmoja wa kokoto pale chini aliwahi kumuuliza dada yangu kama tumefukuzwa nyumbani.

Lakini tulizoea. Ukifika juu unaona Juba yote imelala chini yako, mto unameremeta kule mashariki, ndege zangu pale uwanjani zimekuwa ndogo kama panzi. Upepo unapiga. Unasahau wiki nzima.

Na kiongozi ni mimi. Nani mwingine? Si nimesema kila mahali kwamba nilipigana humu? Kwamba huu mlima naujua kama mfuko wa suruali yangu? Kwamba nilitoa mabomu ya ardhini kwa kijiko cha chai, asubuhi, kabla ya uji?

Leo tulikuwa wanne. Mimi, Mutua, dada yangu mkubwa Keji, na binti yake wa mwisho, Poni, wa miaka kumi na mmoja. Poni ananiita Khal, yaani mjomba kwa Kiarabu cha hapa, na namna anavyolitamka jina hilo mtu anaweza kuvimba kichwa hadi kofia ikakataa. Huyo mtoto anaamini kila kitu ninachosema. Hapana, si kila kitu. Anakumbuka kila kitu, na hapo ndipo penye taabu.

Tukipanda akataka hadithi ya viboko. Hiyo ni yake. Ni siku niliyovuka Nile kwa miguu, viboko wamelala wamepangana kutoka ukingo huu hadi ule, nami nikawakanyaga mgongo baada ya mgongo, kiatu kisilowe.

"Walikuwa wangapi, Khal?"

"Saba."

"Juzi ulisema tisa."

"Wawili walizaliwa nikiwa katikati."

Mutua alicheka hadi akakaa chini. Keji hakucheka, yeye amezisikia hizi tangu nikiwa na meno ya utoto. Alisema tu, "Wani, siku moja Mungu atakuuliza, na utamdanganya pia."

Wiki hii wawindaji walikuwa wamechoma nyasi. Upande mzima wa mlima ulikuwa mweusi, miti imesimama uchi, ardhi imefunikwa majivu laini kama unga. Ukikanyaga, kiatu kinaacha alama safi hadi mistari ya soli. Nilipaona pazuri. Nilisema nyoka wote wameungua, leo tuko salama.

Nimelisema hilo kwa mdomo wangu.

Kisha nikawatoa kwenye njia kubwa. Kulikuwa na kijia kinachochepuka kushoto, chembamba, hatujawahi kukipita. Keji aliuliza kinakwenda wapi. Nikamwambia kinakwenda kwenye mwamba mpana ambao kutoka hapo utaona mto wote, na kwamba hapo ndipo tulipopitisha mzinga usiku mmoja mimi na wenzangu. Sikuwa nakijua. Kwa bahati mwamba ulikuwepo kweli, na mto ulionekana kweli, nikajisikia nabii.

Mutua akatoa mkobani jiko la gesi, dogo, limekunjwa kama mwavuli. Alikuwa amelileta kutoka Nairobi, analipenda kuliko mshahara. Nikamwambia, "Hiyo ya kuchemshia mtoto dawa irudishe. Chai ya mlimani ni ya mafiga matatu na kuni."

"Mzee Wani, hii dakika tano chai iko tayari."

"Na itakuwa na ladha ya benki."

"Wani, mwache mtu na jiko lake," Keji akasema.

Sikumwacha. Nilikwenda mwenyewe kutafuta mawe. Sikuhangaika, yalikuwepo kando ya kijia hatua chache tu kutoka tulipokaa, yamekaa kwa safu, ukubwa mmoja, mviringo mmoja, kama mtu alijua nakuja. Meusi tititi kwa moshi wa ule moto wa nyasi. Moja lilikuwa na weupe kidogo ubavuni, nikadhani kinyesi cha ndege. Nikayabeba, moja kwapani, mawili kifuani, nikarudi naimba.

Tukainjika sufuria. Chai ikachemka. Nitasema ukweli, ilikuwa tamu, tangawizi ya Keji na moshi wa kuni. Hata Mutua aliongeza kikombe. Tulikula mandazi. Poni akamaliza wa kwanza, akaona mti wa lalobu umebaki na matunda yake ya njano katikati ya weusi ule, mbali kiasi cha mtu kurusha jiwe kwa nguvu zake zote. Akaomba ruhusa kwa mama yake. Mama yake akamtazama kiongozi.

"Nenda," nikasema. "Nani wa kukuzuia?"

Akaenda anaruka-ruka.

Nataka nieleze vizuri kilichofuata, maana kichwani kinakuja vipande vipande.

Keji alisimama, akamwaga maji yaliyobaki juu ya moto ili tusije tukaunguza mlima mara ya pili. Mafiga yalilia shiii. Mvuke ukapanda. Masizi yakaanza kuteremka kwenye yale mawe kama wino. Mutua alikuwa amechuchumaa anakunja kitambaa chake, akainamisha kichwa.

"Mzee Wani. Haya mawe yana rangi."

Nyekundu. Upande mmoja wa kila jiwe ulikuwa na nyekundu ya kupakwa kwa brashi, na upande wa pili nyeupe.

Keji alikuwa bado ameshika chupa ya maji hewani.

Tuliporudi kutoka Kenya kwa malori, tulilala kwenye kituo cha njiani, na kabla hawajatupa chakula kulikuwa na msichana mwenye picha kwenye mbao. Alitufundisha: mkiona mawe yamepakwa rangi, yamepangwa mstari, huo ni mpaka. Upande wa nyeupe pamesafishwa, upande wa nyekundu bado mabomu yamo ardhini. Usivuke. Usiguse jiwe. Mimi nilikuwa nyuma nawachekesha watu. Nilisema, binti, unamfundisha samaki kuogelea? Watu wakacheka hata yeye akacheka. Keji alikuwa mbele, anasikiliza.

"Umeyatoa wapi?" Keji aliniuliza. Sauti ndogo.

Nilifungua mdomo. Mnajua mdomo wangu, haujawahi kukosa kitu. Ulikosa.

Nilinyoosha tu kidole kule kwenye kijia. Na kidole kikawa kinaelekea kule kule kwenye mti wa lalobu, ambako Poni alikuwa ameokota fimbo, amerudisha mkono nyuma, anataka kuirusha juu iangushe matunda.

"PONI! SIMAMA!"

Aliganda, mkono juu.

"Nini, Khal? Nyoka?"

Ukimwambia huyu mtoto nyoka, anakimbia. Ukimwambia mbwa, anakimbia. Juzi juzi pale Gudele mbwa alibweka akiwa amefungwa kamba, Poni akakimbia hadi akavuka barabara ya mabasi bila kutazama. Nikimwambia bomu atakimbia, na hakuna anayejua miguu yake itapita wapi.

"Si nyoka," nikasema. "Shusha mkono polepole. Fimbo usiitupe, ishike. Usisogeze mguu. Nataka kukuambia kitu."

Mutua akaanza kumfuata. Nilimshika mkanda wa suruali, nikamvuta akakaa. Akanigeukia, macho yametoka, ananong'ona kwa hasira, "Basi nenda wewe! Si wewe ulikuwa jeshini? Si ulisema ulikuwa unayatoa na kijiko? Nenda umtoe mtoto!"

Naye alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nimemwambia hadithi ya kijiko zaidi ya nilivyomwambia habari za asubuhi.

Nikainuka. Sijui nilitaka kufanya nini. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, nadhani ingekwenda hadi nikanyage, kwa aibu tu. Keji akanishika shati kwa nyuma.

Keji ananijua. Miaka ambayo nasema nilikuwa msituni na bunduki, nilikuwa Kitale kwenye kinu cha posho, na yeye ndiye aliyekuwa ananipikia. Nilikuwa narudi jioni mweupe kwa unga, na yeye ananipangusa nyusi. Hajawahi kuniumbua hadharani hata siku moja. Na leo, mwanawe amesimama kule, angeweza kusema lolote na ningelibeba.

Alisema, "Usiende. Utakanyaga."

Kisha akasema, "Ongea. Wewe unajua kuongea. Mwongeleshe."

Nikatazama ardhi. Majivu. Kutoka pale kijiani hadi kwenye mti kulikuwa na alama za viatu vyake, moja, moja, moja, safi kama mihuri. Alipita akaenda na hakuna kilichotokea. Akirudi juu ya zile zile, nikawaza, labda hakuna kitakachotokea. Labda. Sikuwa na kitu kingine.

"Poni," nikasema, "unakumbuka viboko?"

Akacheka kule. "Saba au tisa?"

"Leo ni zamu yako. Tazama chini. Unaona alama zako ulizokuja nazo? Hiyo ndiyo migongo. Kila alama kiboko. Katikati ni maji, na maji yana mamba. Geuka polepole, uje kwangu. Kiatu juu ya alama, sawasawa. Ukikosa, mamba ameshinda na mimi nimekushinda."

"Na zawadi?"

"Jiko la gesi la Mutua."

"Haya!"

Akageuka. Akaweka mguu wa kwanza. Nikawa nasimulia, sijui nilichosimulia. Nilisema kiboko wa kwanza ni mzee, anakoroma, mkanyage kwa heshima. Wa pili ana ukurutu. Wa tatu ni mama, usimwamshe. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na siwezi kupangusa kwa sababu nilikuwa nimemnyooshea mikono kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwenye lori. Nyuma yangu Mutua alikuwa anasali Kikamba.

Poni akawa ananisahihisha! "Khal, mwenye ukurutu alikuwa wa nne." Nikamwambia ndiyo, umeshinda, wa nne, weka mguu.

Akafika katikati. Akainua macho. Sikufikiria kumwambia asiinue macho. Akamwona mama yake.

Sijui Keji alikuwa na uso gani. Nilikuwa nimempa mgongo. Lakini niliuona uso wa Poni ukibadilika, kama taa inapopunguzwa utambi.

"Khal. Ni mabomu?"

Ningeweza kusema hapana. Nimedanganya kwa mambo madogo zaidi. Lakini alikuwa ameshauona uso wa mama yake, na mtoto aliyeuona uso huo ukimwongopea anajua.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo maana tunacheza polepole."

Akaanza kulia bila sauti. Machozi tu yanachora njia kwenye majivu ya mashavu.

"Lakini wewe unajua, si ndiyo? Wewe ulikuwa unayatoa."

"Najua."

Hilo neno ndilo lililonileta hapa saiberi.

Akanyanyua mguu, akaja. Alama moja. Nyingine. Nikaanza kuhesabu zilizobaki hadi kijiani kisha nikaacha, kuhesabu kulikuwa kunaniua. Halafu akasimama tena. Mbele yake kulikuwa na tawi la miiba lililoungua nusu, limelala kwa upana, na kuanzia pale alipo hadi ng'ambo ya tawi majivu yalikuwa laini kabisa. Hakuna alama.

"Khal, hapa hakuna kiboko. Nikanyage wapi?"

Nilitazama. Nilitazama tena. Upepo ulipita ukachezesha majivu kidogo. Kama upepo ulikuwa umefuta alama, basi zilikuwa mahali fulani pale, na mabomu pia yangeweza kuwa pale pale, na mimi sikuwa na cha kutofautisha. Nikamwona kiboko mmoja kichwani mwangu anafungua mdomo.

"Sijui," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho nililisema.

"Sijui, Poni. Wewe ndiye uliyepita. Ulipitaje hapo?"

Akapangusa pua kwa mkono. Akatazama tawi, akatazama nyuma, akatazama tena tawi. Ilichukua muda wa mtu kumaliza Baba Yetu, na najua kwa sababu Mutua aliimaliza.

"Niliruka," akasema. "Niliruka hiyo miiba. Ile alama kubwa kule ndipo nilipoanzia kuruka."

Na kweli, ng'ambo ya tawi kulikuwa na alama mbili, pamoja, za kina, ncha za viatu zimezama. Nilikuwa ninazitazama muda wote sizioni.

Sasa aruke kurudi. Bila kukimbia kwanza, kutoka kusimama, atue juu ya alama mbili zenye upana wa kitabu. Nani wa kumwambia mtoto aruke? Nilimtazama Keji. Keji alifumba macho akaitikia kwa kichwa.

"Ruka," nikasema. "Ruka kama ulivyoruka ukija."

Aliruka.

Alitua. Mguu wa kushoto ndani ya alama, kisigino cha kulia nje, upana wa vidole viwili. Nilikiona kisigino kikizama kwenye majivu laini yasiyoguswa. Nilisikia masikio yangu yenyewe.

Hakuna kilicholipuka.

Kunguru akalia mahali fulani.

"Khal?"

"Njoo," nikasema, "njoo, njoo, bado wachache," na sikuisikia sauti yangu. Akaja. Mwisho alinyoosha mikono nami nikamnyakua juu kutoka kwenye alama ya mwisho kama gunia la sukari, na mgongo wangu, ambao nimeusimulia kwamba ulibeba injini ya lori, ulikatika hapo hapo. Tukaanguka wote juu ya mwamba. Keji akamfunika kwa mwili wake wote. Mutua alitapika chai.

Mutua akataka tuyarudishe mawe. Nilimkatalia. Sikukumbuka lipi lilikaa wapi, wala lilitazama upande gani. Jiwe likishahamishwa ni kama shahidi aliyehongwa, na ukilirudisha kwa kubahatisha utamuua mtu anayeliamini. Tuliyaacha pale kwenye mafiga, tukateremka kwa mstari mmoja juu ya nyayo zetu tulizokuja nazo. Pale kijia kinapochepuka tulivuta matawi ya miiba tukaziba, na Keji akafungua leso yake nyekundu akaifunga juu.

Chini niliwaambia wale kina mama wa kokoto. Nikawaambia kijia cha kushoto msipite, mpaka wa mabomu una pengo, na nimelitoboa mimi. Wakacheka. Mmoja akajipiga mapaja kwa furaha akasema, "Huyu si ndiye wa kijiko?" Nilirudia, wakacheka zaidi. Nilishika msalaba niliovaa, nikaapa, wakazidi kucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko pale juu. Nina mdomo mkubwa kuliko wote Juba, na sikuweza kumzuia mtu hata mmoja asiende kufa.

Keji akasogea. Hakusema mengi. Alisema, "Mwanangu alikuwa ndani." Wakaacha kucheka.

Nikaenda ofisi ya watu wanaosafisha mabomu. Jumapili, imefungwa. Mlinzi akasema nije asubuhi. Nikawaacha wenzangu wapande basi la Gudele, mimi nikaja huku.

Mganda anataka kufunga. Na simu yangu imelia sasa hivi, ujumbe wa Poni kwa simu ya mama yake. Nauandika kama ulivyo:

"Khal uko wapi watu wanakungoja. Nimewaambia venye ulijifanya hujui ndio unipime akili. Jumapili ijayo nakuja na marafiki zangu watano wa darasa, nimewaambia wakiwa na wewe hakuna kitu mbaya."

Nimeusoma hadi taa ya simu ikazima.

Ulijifanya hujui. Neno moja la kweli nililosema mlimani, naye amelitia kwenye hadithi zangu, limekaa vizuri kuliko viboko wote. Na watoto watano watakuja na viatu vyao vya shule.

Nimemjibu hivi: "Jumapili ijayo hatuendi. Kesho asubuhi omba ruhusa shuleni, uje na mimi kwa watu wa mabomu. Nakuhitaji."

Amejibu papo hapo. Anataka kujua kama nitawafundisha watu hao kuyatoa.

Kukikucha nitamshika mkono, nitasimama mbele ya watu wenye ramani, na wataniuliza mawe yalikuwa wapi. Nitamfanya asimame karibu kabisa, asikie. Nitasema sijui. Na nisipotazama chini, nisipokonyeza jicho, nisipoongeza kiboko hata mmoja, labda ataniamini.